Nyufa za Dari: Anza na Mbao (Sehemu ya Pili)

Wiki jana tulizungumzia nyufa za kuta. Leo tuinue macho kwenye dari ya jipsamu, ambayo imeshika kasi katika nyumba mpya za Meru na Embu.

Mwenye nyumba akiona ufa, humwita fundi ajaze filla na kupaka rangi. Msimu mmoja ukipita, ufa unarudi palepale. Utazame vizuri: mara nyingi umenyooka tii. Hapo ndipo bodi mbili zinapokutana, na kinachozivuta ni mbao zilizozishikilia kwa juu.

Mbao nyingi za huku ni za grevilia, mti uliotoka Australia ukapandwa mipakani mwa mashamba na katikati ya mikahawa. Mti huangushwa, ukapasuliwa, na mbao zikapigiliwa kabla hazijakauka. Mbao mbichi ikikauka haipungui sana urefu. Husinyaa upana na unene, tena hujipinda. Jipsamu haijui kunyumbuka, basi hupasuka kwenye kiungo. Mwendo mkubwa hutokea mbao zinapokauka mara ya kwanza. Baada ya hapo hunyonya unyevu kidogo wakati wa masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba, kisha huutoa jua linaporudi.

Kwa hiyo, mwenye nyumba mpya asiwe na pupa. Weka alama ya penseli kwenye ncha zote mbili za ufa, andika tarehe, usubiri msimu upite. Ufa ukivuka alama, mbao bado zinatembea na filla yako itakuwa kazi bure. Ukiona doa la hudhurungi kando yake, panda kwanza ukague mabati na misumari iliyolegea.

Ufa ukishatulia, sukuma bodi kwa kiganja pande zote mbili. Ikicheza, ongeza skrubu kila sentimita 15 hadi 20, ziingie kwenye mbao. Kichwa kizame kidogo bila kuchana karatasi ya bodi, maana ikichanika skrubu haishiki tena. Kisha panua ufa kwa kisu uwe na umbo la V, ondoa vumbi, jaza filla. Juu yake laza mkanda. Mafundi wengi hupenda ule wa wavu kwa sababu unajibandika wenyewe. Mimi nachagua wa karatasi, kwani huhimili mvutano zaidi, ingawa lazima ulazwe kwenye filla mbichi na hewa ikamuliwe yote. Pitisha tabaka mbili zaidi, kila moja pana kuliko iliyotangulia na baada ya ile ya chini kukauka, halafu piga msasa laini ukiwa umevaa barakoa.

Filla ya unga inayoganda ikorogwe kidogo kidogo. Hiyo ni jipsamu iliyochomwa ikapoteza sehemu kubwa ya maji yake. Ukiirudishia maji hugeuka jiwe tena. Kuongeza maji kwenye ndoo iliyoanza kuganda, kama wanavyofanya baadhi ya mafundi ili wasitupe mali, huzaa filla inayomomonyoka.

Ufa wa kona, kati ya dari na ukuta, hauhitaji filla ngumu hata kidogo, kwa sababu dari na ukuta husogea kila kimoja kivyake. Tumia gundi ya akriliki inayovutika na kukubali rangi. Dari za sofutibodi tutazishika wiki ijayo.