Umezaliwa mlimani, mbona unatetemeka ghorofani?

Msikilizaji, tuanze na hesabu ndogo. Lango la Marangu, pale wapandaji wa Kilimanjaro wanapojiandikisha, liko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Katikati ya jiji la Nairobi ni takriban mita 1,660. Jengo la KICC, lile la mviringo linaloonekana kwenye picha nyingi za jiji hilo, lina urefu wa mita 105. Jumlisha mwenyewe: mtu aliyesimama juu kabisa ya KICC bado yuko chini kuliko lango la Marangu.

Hata hivyo, kijana wa Marangu aliyekulia kando ya makorongo, aliyezoea kuvuka mto juu ya gogo akienda shule, akifika juu ya jengo hilo anaweza kulegea magoti na kulowa jasho viganjani. Wengi huona aibu, wakajiita waoga. Wengine huahirisha safari kabisa, hasa wakiwa peke yao. Ukijua mwili unafanya nini, aibu hiyo haina nafasi.

Jengo lenyewe

KICC ni Jumba la Mikutano ya Kimataifa la Kenyatta. Ujenzi ulianza mwaka 1967 na likafunguliwa na Rais Jomo Kenyatta mwaka 1973. Mwaka huohuo lilipokea mkutano wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa. Lina ghorofa 28, na juu yake kuna uwanja wa kutua helikopta ambako wageni wamekuwa wakipanda kulitazama jiji. Nairobi ya leo ina majengo marefu kuliko hilo, lakini KICC bado ndilo wageni wengi wanaloliulizia. Asubuhi anga likiwa safi, Kilimanjaro yetu huonekana kutoka huko.

Urefu ni wa aina mbili

Aina ya kwanza ni mwinuko kutoka usawa wa bahari. Huu hupunguza hewa. Kwenye kilele cha Uhuru, mita 5,895, kila pumzi inakupa karibu nusu tu ya oksijeni unayoipata pwani. Ndiyo maana wapandaji huumwa kichwa na kutapika. Maradhi hayo kwa kawaida huanza mtu akipita mita 2,500, kwa hiyo Nairobi hayakuhusu.

Aina ya pili ni uwazi ulio mbele ya miguu yako. Huu hauli hewa, unachezea macho. Mwili hujua kuwa umesimama wima kwa kusikiliza mashahidi watatu: macho, sehemu ya ndani ya sikio, na nyayo pamoja na misuli. Jaribu sasa hivi: simama kwa mguu mmoja, kisha fumba macho. Utaona jinsi unavyoyumba shahidi mmoja akiondoka.

Hata ukisimama kwa miguu miwili, mwili huyumba kidogo bila wewe kujua. Macho huugundua myumbo huo kwa kutazama vitu vya karibu. Kihambani, hata ukiwa juu ya korongo, kuna migomba na miti pembeni yako. Juu ya ghorofa, kitu cha karibu hakipo. Kila unachokiona kiko mbali. Macho yanakosa la kusema, masikio na nyayo vinasema lao, na ubongo unatahadharika. Mtetemo unaousikia ni tahadhari hiyo.

Tahadhari hii tunayo tangu utotoni. Mwaka 1960 watafiti wa Marekani, Eleanor Gibson na Richard Walk, walieleza jaribio la watoto waliokuwa wameanza kutambaa. Waliwekwa juu ya meza ya kioo kigumu, upande mmoja ukionekana kama shimo. Karibu wote walikataa kupita upande huo, hata mama zao walipowaita. Huwezi kusema watoto hao ni waoga. Macho yao yalikuwa yakiwalinda.

Ukifika juu peke yako

Usikimbilie ukingoni. Simama kwanza katikati au karibu na ukuta, miguu imeachana kidogo. Shika chuma cha kizuizi au gusa ukuta, ili nyayo na mkono viusaidie ubongo. Tazama kitu cha karibu, kisha cha mbali kidogo, halafu upeo wa macho. Kutazama chini moja kwa moja kuwe mwisho, tena ukitaka tu.

Toa pumzi polepole. Mtu mwenye hofu hupumua harakaharaka, na hilo peke yake huleta kizunguzungu na ganzi vidoleni. Ukiweza, subiri dakika chache mpaka hofu ishuke ndipo uondoke. Anayekimbia hofu ikiwa juu huufundisha mwili kwamba kukimbia ndiyo dawa, na safari ijayo huwa ngumu zaidi. Lakini kama una ugonjwa wa moyo, unazimia mara kwa mara au una maradhi ya kizunguzungu, muulize daktari kwanza.

Kabla ya kupanda basi

Mabasi ya Moshi kwenda Nairobi kwa kawaida hupitia Arusha na mpaka wa Namanga. Andaa pasipoti, au uulize ofisi ya Uhamiaji kuhusu hati ya dharura ya kusafiria. Badili fedha kwenye duka linalotambulika, usibadili kwa mtu anayekufuata mpakani. Gawa fedha sehemu mbili, na andika namba muhimu kwenye karatasi, maana simu huzima chaji. Mwambie mtu wa nyumbani unalala wapi. Ukifika KICC, uliza getini saa za kupanda na kiingilio cha siku hiyo. Usimlipe mtu wa barabarani anayedai kukupeleka juu.

Katika jiji usilolijua, fanya kama utakavyofanya kule juu: tafuta kwanza cha karibu cha kushika. Jua stendi yako, mahali pako pa kulala na barabara moja kubwa inayoviunganisha. Ukiisha kuvijua hivyo, tazama mbali.