Sidiria ya gulioni: usinunue kwa macho, dada!

Haya kina dada, leo tunaingia ndani kabisa, tena ndani ya nguo. Na nyie akina kaka mnaousoma ukurasa huu kwa kuibia, msijifanye mnafungua michezo. Someni tu, maana wengi wenu huwanunulia wachumba wenu zawadi hii kwa kukisia, mnaambiwa ahsante mpenzi, kisha zawadi yenyewe inalala chini ya sanduku mpaka mende wanaizoea.

Mazungumzo ni sidiria. Ukiwa Dar es Salaam au Arusha na una vijisenti, unaingia dukani, kuna kipazia kule kwenye kona, unajaribu, ikikataa unarudisha. Lakini chukulia uko Igalula, kule Uyui, kituo cha Reli ya Kati kabla treni inayotoka Dar haijaingia Tabora mjini. Huko sidiria inanunuliwa gulioni. Imetandazwa juu ya turubai au inaning'inia kwenye kamba, na muuzaji ni kaka mwenye sauti kama kipaza sauti cha mkutano. Baiskeli zinapita, na mama mkwe wako mtarajiwa yuko kwenye fungu la nyanya, hatua tatu tu kutoka hapo. Nani atajaribu nini? Basi dada anatupa jicho, anapenda rangi, analipa haraka bila hata kuomba apunguziwe, anaisokomeza kikapuni na kuondoka kama aliyeiba.

Kilio kinaanza nyumbani. Mkanda unapanda mgongoni unataka kusalimiana na shingo. Kamba zinachimba mabega mpaka zinaacha mifereji. Matiti yanamwagika kwa juu kama maandazi yaliyoumuka kupita kiasi, au vikombe vinabaki na nafasi ya kuweka karanga. Na hela ndiyo imeshakwenda, tena katika nchi ya wakulima wa tumbaku ambako fedha ya maana huonekana kwa msimu.

Usidhani ni ushamba wa gulioni. Mwaka 2008 watafiti wa Australia waliwapima wasichana 30 wa umri wa miaka 18 hadi 26, watoto wa mjini wenye maduka ya kila aina, wakakuta asilimia 80 wamevaa saizi ambayo siyo yao. Wengi walikuwa wamevaa ndogo kuliko miili yao. Kwa hiyo sista duu wa Melbourne na dada wa Igalula wana tatizo moja, tofauti ni kwamba yule wa Melbourne anaweza kurudisha.

Tatizo lenyewe ni kwamba wengi wetu tunaamini kazi ya kubeba inafanywa na zile kamba za begani. Hapana! Hebu turudi nyuma kidogo. Nchi hii ya Igalula, jirani na Tura na Kigwa, ilikuwa kwenye njia kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji katika karne ya 19. Wapagazi wa Kinyamwezi walisifika pwani nzima kwa kubeba, na mzigo wa mtu mmoja ulifika frasila mbili hivi, yaani kilo 30 na ushei, siku baada ya siku. Mpagazi yeyote wa wakati ule angekuambia kwamba mzigo hauhesabiwi uzito peke yake, unahesabiwa pia umekaa wapi.

Sidiria ni hivyo hivyo. Mpagazi ni ule mkanda unaozunguka mwili chini ya matiti. Kamba za begani ni wasindikizaji tu, kazi yao ni kukishika kikombe kisilegee. Mkanda ukiwa mpana mno, uzito wote unahamia begani, na hapo ndipo dada anapoanza kulalamika shingo, kichwa na mgongo, anameza Panadol wakati dawa ni namba ya sidiria. Jaribio ni rahisi: ukiwa umeivaa, shusha kamba zote mbili. Kila kitu kikiporomoka, mkanda haufai. Kisha geuka utazame mgongo kwenye kioo. Mkanda unatakiwa ukae sawasawa mbele na nyuma, usipande, na vidole viwili viweze kupita chini yake bila kulazimisha.

Sasa namba. Zile bidhaa zilizobebwa na misafara zilikuwa na vipimo vyake: Merikani, ile pamba nyeupe ya kutoka Marekani, ilihesabiwa kwa mkono, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole. Mikono minne ni upande mmoja, mikono minane ni doti. (Muuzaji mwenye mkono mfupi alikuwa na bahati yake.) Sidiria nayo ina vipimo viwili, na vyote unaweza kujipima mwenyewe ukiwa umejifungia chumbani.

Chukua futi ya fundi cherehani. Zungushia mwili chini kabisa ya matiti, ibane kiasi, toa pumzi, soma inchi. Tuseme ni 34. Hiyo ndiyo namba ya mkanda. Kisha zungushia pale kwenye kilele, usiibane, tuseme ni 37. Tofauti ni inchi 3. Inchi moja ni A, mbili ni B, tatu ni C, nne ni D. Basi wewe ni 34C. Ukikuta sidiria imeandikwa 70, 75, 80 au 85, hizo ni sentimita za Ulaya: 70 ni sawa na 32, 75 ni 34, 80 ni 36, na 85 ni 38. Nyingine zenye asili ya Ufaransa zina hesabu yake ya juu zaidi, ndiyo maana futi inaaminika kuliko lebo.

Hapa kuna siri ambayo wauzaji wengi hawaijui. Herufi haisimami peke yake. C ya 34 siyo C ya 38. Kikombe cha 34C kinabeba sawa na cha 36B, na sawa na cha 32D. Kwa hiyo ukiikosa namba yako usikate tamaa: ukipanda mkanda, shusha herufi, ukishusha mkanda, pandisha herufi. Na ondoa kichwani ile habari ya kwamba D ni ya wanawake wakubwa tu. Kuna vimbaombao wanaovaa 30D, na mtu akiwatazama barabarani hawezi kubuni. Hizo herufi zenyewe zilianzishwa na kampuni ya S.H. Camp ya Marekani mwaka 1932, miaka 18 tu baada ya Mary Phelps Jacob kupewa hataza ya sidiria aliyoitunga kwa leso mbili za hariri na utepe. Hiyo ilikuwa 1914, mwaka uleule reli yetu ilipofika Kigoma. Siyo kitu cha zama za Adamu na Hawa.

Huna futi? Tumia uzi mnene. Pima chini ya matiti, funga fundo. Pima kileleni, funga fundo la pili. Kisha mpelekee fundi yeyote pale gulioni, mwambie naomba unipimie uzi huu. Atapima uzi, hatakupima wewe, na wala hatajua ni wa nini.

Uzi huohuo ndio chumba chako cha kujaribia. Ukifika kwa yule kaka mwenye sauti, ishike sidiria ncha kwa ncha uulinganishe mkanda wake na fundo la kwanza. Ikiwa imelala tu bila kuvutwa, inatakiwa iwe fupi kuliko uzi. Ivute: inatakiwa ifike kwenye fundo na ibakize kidogo. Ikifika bila kuvutwa, ni kubwa au lastiki imeshakufa. Iachie ghafla. Ikirudi kwa haraka, hai. Ikirudi kwa uvivu kama mtu aliyeamshwa usiku, iache hapo. Na sidiria mpya ikupate kwenye ndoano za mwisho, zile za nje kabisa, ili lastiki itakapolegea uwe na pa kusogea. Dada anayeanzia ndoano za ndani amenunua miezi miwili.

Yenye waya usiiogope, lakini waya ukae kwenye mbavu, ulizunguke titi lote. Ukikaa juu ya nyama, utakuumiza. Mama anayenyonyesha aachane nayo kwa muda, kwani kubanwa kunaweza kuziba mirija ya maziwa na kuleta uvimbe wenye maumivu.

Tuje kwenye jambo ambalo watu hulisemea pembeni: mitumba. Tangu milango ya biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, nguo hizi zimetuvika wengi, na tusiwe wanafiki. Lakini mwaka 2009 Shirika la Viwango Tanzania, TBS, lilipiga marufuku nguo za ndani zilizovaliwa, sidiria na chupi zikiwemo, kwa sababu ya afya ya ngozi. Hata hivyo bado utaziona zikichungulia chini ya fungu la magauni. Na ukweli mchungu ni huu: ile kuukuu ya Ulaya mara nyingine imeshonwa vizuri kuliko ile mpya ya bei poa ambayo baada ya kufuliwa mara tatu inakuwa kamba ya kufungia kuni. Ndiyo maana dada wa watu anaikimbilia. Mimi siwezi kumcheka. Ila jasho la mtu usiyemjua ni jasho, na tena lastiki iliyomaliza kazi Ulaya haifufuki Tabora. Hela ya tatu mbovu inunue mpya moja inayokukaa, ya pili ifuate msimu ujao.

Na uvumi je? Kuna kitabu kilitoka Marekani mwaka 1995 kikidai sidiria inaleta saratani ya matiti, na maneno hayo yamefika hadi saluni za huku. Watafiti wa Seattle walilichunguza kwa wanawake zaidi ya 1,000 wakatoa majibu mwaka 2014: hawakuona uhusiano wowote. Halafu wapo wasichana wanaolala na sidiria, tena ya kubana, wakitegemea matiti yabaki saa sita milele. Masikini. Yanashushwa na umri, mimba, kunenepa na kukonda, na sigara. Kunyonyesha mnakusingizia, watafiti wa Kentucky walipochunguza hawakukuta kosa lake. Kwa hiyo mnyonyeshe mtoto. Ila ukigusa uvimbe usioujua, au chuchu ikitoa damu, usiufunike kwa sidiria. Nenda zahanati, nenda Kitete pale Tabora.

Sasa ukishaipata inayokukaa, usiiue mwenyewe. Fua kwa mkono, maji ya baridi, sabuni laini, ukiwa umefunga ndoano zisikwaruze nguo nyingine. Usiikamue kama dekio. Jiki ni sumu ya lastiki, na pasi ya mkaa usiisogeze kabisa. Usivae moja siku mbili mfululizo, lastiki nayo inahitaji likizo, hasa joto la Septemba na Oktoba linapotufanya tutoke jasho tukiwa tumekaa. Na hii benki ya kifuani, noti na simu humohumo, inavuta mkanda na kulowanisha noti. Kuna mifuko, dada.

Kuanika ndiko tunakoharibu zaidi. Kwa aibu tunaificha chini ya kanga nzito, au nyuma ya kitanda, inabaki na unyevu, inanuka, na fangasi wanahamia chini ya matiti. Uvunguni na kivulini nako kuna yule nzi anayetaga kwenye nguo mbichi, funza wake akaingia ngozini na kutoa kijipu. Nguo nyingine tunamuua kwa pasi, hii haipigwi pasi. Basi ianike ndani karibu na dirisha lenye wavu, hewa ipite, au nje kwa jua la asubuhi ukiifunika kanga moja nyepesi. Jua la saa saba liachie mashuka.

Waya ukitoboa, fundi anaweka kiraka kidogo kwa dakika tano. Mkanda ukilegea, anaupunguza. Na ikifika siku umeshahamia ndoano za ndani kabisa na bado inapanda mgongoni, imekwisha. Kata ndoano na vile vipete vya kamba uvitunze kwenye kopo la vifungo, fundi atavihitaji kwa inayofuata.