Mchore Shangazi Kwanza

Anayetaka kujifunza kuchora watu kwa wino ili abaki na sura ya mzazi aliyefariki, mara nyingi huanza na picha ya paspoti. Hapa Bujumbura huwa ndiyo hiyohiyo iliyokuzwa na kutiwa fremu siku ya mazishi, ikatolewa tena siku ya kuganduka, familia inapohitimisha matanga. Nashauri iwekwe kando kwanza. Ilipigwa kwa mahitaji ya ofisi: uso umetazama mbele, mwanga wa kamera umefuta vivuli vya pua na mashavu. Ukiinakili utapata kitambulisho, baba humpati.

Sura ya mzazi haikuzikwa yote. Paji la uso liko kwa shangazi, vidole viko kwa baba mdogo, namna ya kuinamisha kichwa akisikiliza iko kwa dada yako. Nenda mtaa wa Buyenzi kwa shangazi, umwombe ruhusa, umchore akichambua maharage huku akikusimulia habari za kaka yake. Kwa familia zilizokimbia machafuko ya mwaka 1972 au 1993 zikapoteza picha zote, hakuna njia nyingine. Aliye na picha ataitumia baadaye, jicho likishazoea, kuhakikisha vipimo.

Vipimo vyenyewe si vigumu. Macho yako katikati ya utosi na kidevu. Anayeanza huyapandisha mno kwa kuwa hulisahau fuvu lililo juu ya nywele za mbele. Mtu mzima aliyesimama ana urefu wa vichwa saba na nusu hivi. Huo ni wastani tu. Kufanana huletwa na pale mtu anapouacha wastani: sikio lililoshuka, bega moja lililo juu ya jingine. Hapo ndipo pa kutazama sana.

Wino haufutiki, na hauna kijivu chake. Kivuli hujengwa kwa mistari sambamba inayofuata mviringo wa shavu, kisha mingine ikaikatisha pale giza linapozidi. Kosa kubwa katika kuchora ngozi yetu nyeusi ni kuijaza wino kote, uso ukawa doa. Tafuta mwanga ulipotua, kwenye paji, mfupa wa shavu na ncha ya pua, uache karatasi wazi hapo. Mstari uliokwenda upande uache ulivyo, chora ulio sahihi pembeni yake. Jicho la mtazamaji litachagua.

Kwa mazoezi, biki inatosha. Ila wino wake ni wa rangi zinazofifia zikikaa kwenye mwanga. Mchoro wa kutundikwa ukutani unataka wino mweusi wa masizi, ambao mwanga hauuharibu. Kalamu unaweza kuichonga mwenyewe. Mwaka 1888, huko Arles, Ufaransa, Vincent van Gogh alichora kwa kalamu za matete aliyoyakata palepale, na matete hayakosi kando ya mto Rusizi na ziwa Tanganyika. Chukua lililokauka, chonga ncha kwa mshazari, ipasue kidogo katikati ili wino ushuke. Likikaribia kuishiwa wino hutoa mstari mkavu uliokatikakatika, unaofaa sana kwa mvi.

Mchoro ukikamilika, bado unataka maandishi. Mwezi Machi 1514, mchoraji Mjerumani Albrecht Dürer alimchora mama yake kwa makaa, mama akiwa na miaka 63, amekonda, mishipa ya shingo imesimama. Mwezi Mei mama akafariki. Dürer akairudia karatasi ileile, akaongeza siku ya kifo, safari hii kwa wino.

Nasi tufanye hivyo. Chini ya kila mchoro andika aliyeketi ni nani, lini, na alichofanana na marehemu ni kipi. Mjukuu ambaye hakumkuta babu yake atajua paji lake la uso amelirithi kwa nani.