Mtindo wa Nafsi na Mtindo wa Kitaaluma Katika Insha

Sisi wanachuo wa ualimu huandika kwa mitindo miwili kila juma. Katika daftari la kumbukumbu hueleza tuliyoyaona, yaliyotufurahisha na yaliyotuchosha. Katika insha ya saikolojia au taarifa ya mazoezi ya kufundisha hujitahidi tusionekane kabisa. Makala hii inakusudia kueleza tofauti ya kweli iliyopo baina ya mitindo hiyo, na jinsi ya kuifundisha katika shule ya msingi.

Tuchukue jambo moja, yaani reli ya Mpanda, na tuliandike kwa njia mbili. Kwanza, kwa mtindo wa nafsi:

"Treni ilipoingia stesheni nilimtafuta bibi katika kila dirisha. Nikamwona akishuka taratibu, ameshika kikapu cha karanga kwa mikono miwili. Badala ya kumwamkia nilikimbilia kikapu, naye akacheka."

Pili, kwa mtindo wa kitaaluma:

"Mji wa Mpanda umeunganishwa na Reli ya Kati kwa tawi linaloanzia Kaliua, mkoani Tabora, lenye urefu wa kilometa 210 hivi. Tawi hilo lilikamilika mwaka 1950. Sababu kubwa ya kulijenga ilikuwa kusafirisha madini ya risasi yaliyochimbwa Mpanda."

Msomaji ataona kwamba aya zote mbili zimetumia maneno mepesi. Tofauti yao haimo katika ugumu wa lugha, bali katika haki aliyo nayo msomaji. Katika aya ya kwanza shahidi ni mwandishi mwenyewe, na analodaiwa ni uaminifu tu. Katika aya ya pili msomaji ana haki ya kuuliza, "Umejuaje?", na mwandishi hana budi kuwa na jibu: kitabu, ramani, hesabu, au mzee aliyeulizwa.

Kutoelewa jambo hili huzaa makosa mawili. La kwanza ni kudhani kwamba taaluma ni maneno mazito. Mwanachuo asiye na ushahidi huandika "ni dhahiri shahiri kwamba", akitumaini kuwa kishindo cha maneno kitaziba pengo. La pili ni kudhani kwamba neno "mimi" ni mwiko. Hebu tulinganishe sentensi hizi za taarifa ya mazoezi: "Somo lilieleweka vizuri", na "Kati ya wanafunzi 48, wanafunzi 31 walijibu maswali yote matatu, nadhani waliosalia hawakuiona ramani, kwa kuwa ilitundikwa pembeni." Sentensi ya pili inamtaja mwandishi, lakini ndiyo yenye taaluma zaidi, kwa sababu imetenga lililoonwa na linalodhaniwa.

Mwandishi mmoja anaweza kuimudu mitindo yote. Shaaban Robert (1909–1962) alisimulia maisha yake mwenyewe katika Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, akaandika maisha ya mtu mwingine katika Wasifu wa Siti binti Saad. Lugha ni ya mtu yule yule. Wajibu ndio uliobadilika.

Kwa Darasa la V tunapendekeza hatua hizi:

1. Kila mwanafunzi aandike aya moja juu ya jambo aliloliona mwenyewe sokoni, stesheni au kisimani.

2. Amsomee mwenzake, naye mwenzake aulize "Umejuaje?" kila asikiapo jambo ambalo mwandishi hakuliona kwa macho yake.

3. Wanafunzi watafute majibu kwa kuhesabu, kupima na kuwauliza wazee.

4. Waandike aya ya pili juu ya jambo lile lile, wakieleza mambo waliyoyathibitisha.

5. Mwalimu asahihishe kila aya kwa kipimo chake. Asifute "mimi" katika aya ya kwanza, wala asikubali "inasemekana" tupu katika aya ya pili.

Hatua ya tano ina uzito wa pekee katika mkoa wa Katavi. Watoto wengi huku huja shuleni na lugha nyingine ya nyumbani: Kipimbwe, Kibende, Kikonongo, Kifipa au Kisukuma, na katika makazi ya Katumba na Mishamo, yaliyoanzishwa miaka ya 1970 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Burundi, Kirundi. Kwa mtoto wa namna hiyo, kusimulia habari zake ndio mlango wa kukifanya Kiswahili kiwe chake. Wino mwekundu ukiufunga mlango huo, atakariri sentensi za ubaoni na kuzirudisha kama alivyozipokea. Lakini pia tukimwacha katika masimulizi peke yake, kesho hataweza kuandika muhtasari wa mkutano wa kijiji, wala kuieleza ofisi ya kata kwa hoja na hesabu kwamba kisima kimekauka.

Kwa hiyo mwalimu asiulize ni mtindo upi ulio bora. Kabla ya kutoa zoezi awaeleze wanafunzi wanamwandikia nani, na msomaji huyo ana haki ya kuwauliza nini.