Washa Iliyopotea

Agosti 20, 2007, ndege ya China Airlines kutoka Taipei ilitua salama Naha, kisiwani Okinawa, Japani. Ilipofika kwenye maegesho na kuzima injini, moto ukalipuka upande wa bawa la kulia. Watu wote 165 walitoka wazima, nahodha na msaidizi wake wakishukia dirishani. Boeing 737-800 ile ikateketea.

Chanzo kilikuwa bolti moja.

Ukingo wa mbele wa bawa una vibawa vinavyotokezwa nje wakati wa kuruka na kutua, ili ndege isiishiwe nguvu ya kuelea ikiwa na mwendo mdogo. Huteleza kwa reli, na vikirudishwa, mkia wa reli huingia kwenye kasha lililochomekwa ndani ya tangi la mafuta. Ndani kabisa! Bolti ya kuzuia reli isipitilize ilikuwa imechomoka na kulala humo. Vibawa viliporudishwa baada ya kutua, reli iliisukuma bolti, ikatoboa ukuta wa kasha, na mafuta yakavujia kwenye injini yenye joto.

Wachunguzi wa Japani walirudi nyuma wiki kadhaa. Mwezi Julai mafundi waliifungua nati ya bolti hiyo, wakifuata ushauri wa Boeing wenyewe, waipake gundi isije ikalegea. Katika kuifungua, washa, kile kipete bapa cha chini ya nati, ikadondoka bila wao kujua. Nati bila washa ilikuwa ndogo kuliko tundu la reli, basi ikapita kama sarafu kwenye mfuko uliotoboka. Mafundi walikuwa wakifanya kazi mahali pafinyu, pagumu kuona. Lawama yangu kubwa ni kwa aliyechora kifaa ambacho usalama wake wote unaning'inia kwenye washa.

Mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, iliamuru ndege za aina hiyo zikaguliwe ndani ya siku 24. Nyingine zikakutwa na vifaa vilivyolegea, siku zikakatwa hadi 10. Amri kama hiyo haina mjadala: muda ukipita bila ukaguzi, ndege hairuki.

Juni 2019 reli za vibawa vya Boeing 737 zilirudi kwenye habari, safari hii kwa kosa la kiwandani. Vipande visivyozidi 148, kazi ya mtengenezaji mmoja aliyewauzia wasambazaji wa Boeing, vilihofiwa kupata nyufa kabla ya wakati. FAA ilisema reli ikikatika ndege haitaanguka, ila inaweza kuharibika angani. Muda ukawa siku 10 tena, na ndege za kukaguliwa duniani 312.