Kamba, mawe na maua: namna daftari linavyotuliza mawazo

Makazi ya Katumba na Mishamo, mkoani Katavi, yalianzishwa miaka ya 1970 kuwapokea Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Mwaka 2014 serikali ilitoa uraia kwa zaidi ya watu 162,000 wa kundi hilo, wakiwamo wa Ulyankulu, Tabora. Suala la nchi likaisha. Kumbukumbu za yaliyoonekana njiani ni suala jingine, na hapo ndipo sayansi ya kutulia, kuchora na kuandika inapoingia.

Ushahidi ulio karibu nasi unatoka Uganda. Katika makazi ya Imvepi, watafiti wa Chuo Kikuu cha Konstanz cha Ujerumani waliwatibu wakimbizi wa Sudan kwa kuwasimulisha maisha yao, na mwaka 2004 wakachapisha matokeo: baada ya mwaka mmoja, asilimia 29 tu ya waliosimulia walikuwa bado na maradhi ya kiwewe. Waliopewa ushauri au elimu pekee, ni takribani asilimia 80.

Tiba hiyo kwa kawaida huanza na kamba iliyolazwa sakafuni. Kamba ndiyo maisha. Mgonjwa huweka ua palipokuwa na heri na jiwe palipokuwa na msiba, toka kuzaliwa hadi leo. Kisha husimulia kwa mfuatano, mtaalamu anaandika, na kikao kinachofuata anamsomea ili arekebishe. Sababu ni kwamba hofu kuu huhifadhiwa vipande vipande, harufu huku, mlio kule, bila tarehe wala mahali. Ndiyo maana mlango ukigongwa leo, moyo unakwenda mbio kana kwamba ni siku ile. Masimulizi huirudishia kumbukumbu tarehe yake.

Kwa mawazo ya kawaida, mtu anaweza kuazima mbinu hiyo nyumbani. Chukua mkulima wa tumbaku wa Mpanda mwenye deni la pembejeo. Akae kimya dakika chache, akifuatilia pumzi tu. Kisha achore mstari wa msimu mmoja: kitalu, kupandikiza, kukausha kwenye bani, soko. Mawe na maua ayachore mahali pake. Uzuri wa mchoro hauna kazi hapa. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2016 uligundua kuwa baada ya dakika 45 za sanaa, homoni ya msongo, kotisoli, ilishuka miongoni mwa takribani robo tatu ya washiriki 39, wajuzi na wasiojua kuchora.

Mwisho aandike kuhusu jiwe moja, dakika 15, bila kujali tahajia. Mwaka 1986 watafiti Pennebaker na Beall walionyesha kuwa wanafunzi walioandika hivyo siku nne mfululizo walikwenda kliniki mara chache zaidi katika miezi iliyofuata. Ila mara tu baada ya kuandika walijisikia vibaya zaidi, na hilo watu wengi wanaosifia daftari hawalisemi.

Kwa hiyo, mwenye jinamizi la vita, aliyebakwa au anayewaza kujiua asijitibu peke yake kwa kalamu. Amwone daktari, au amtafute afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yake. Wengine, wekeni daftari mahali pasipofikiwa na macho ya watu.