Mshipi wa Mvuvi na Gitaa la Umeme

Wajaluo wakaao kando ya Ziwa Victoria wana kinanda cha nyuzi nane kiitwacho nyatiti. Zamani nyuzi zake zilikuwa za mishipa ya ng'ombe; siku hizi hutiwa mshipi wa nailoni, ule ule wa kuvulia samaki. Mshipi huo huuzwa Mwanza, mji wa wavuvi. Basi mtoto wa huko atakaye kujiundia gitaa hana haja ya kwenda mbali: kopo tupu, ubao na mshipi vyamtosha. Uzi ukipigwa hutikisika, na kopo hutikisika pamoja nao, likaipaza sauti.

Taabu huanza atakapo sauti ya umeme. Gitaa la umeme la dukani lina sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba mara elfu kadhaa. Uzi wa chuma utikisikapo juu yake, umeme kidogo huzaliwa katika waya. Asili ya jambo hili aliionyesha Michael Faraday, Mwingereza, mwaka 1831. Lakini nailoni si chuma, na sumaku haiijui. Hata ipigwe kwa nguvu, waya hukaa kimya. Hapo fundi mchanga hufungua na kufunga waya zake siku nzima, kumbe kosa li katika uzi.

Njia ipo. Ndani ya saa nyingi za betri zenye kengele mna kibati cha mviringo kilichobandikwa kauri. Kauri hiyo ikitikiswa hutoa umeme, wala haiulizi uzi ni wa nini. Ibandikwe chini ya kijiti kibebacho nyuzi, nayo itausikia mshipi.

Umeme huo ukiisha kukuzwa, waweza kugeuzwa. Kuna vipande vidogo vya kuhesabu: mitikisiko miwili ikiingia, hutoka mmoja. Uzi utikisikao mara 110 kwa sekunde hutoa sauti ya 55, nzito na yenye mkwaruzo, isiyofanana tena na gitaa. Chombo kiundacho sauti mpya kwa umeme huitwa sinthesaiza. Uzi upigwe mmoja mmoja; mbili zikilia pamoja, hesabu huchafuka. Betri ya volti 9 yatosha. Umeme wa ukutani usiguswe kamwe, maana huua.

Sinthesaiza za gitaa zilizo kubwa hupima kwanza kasi ya uzi, ndipo zikaunda sauti. Uzi mnene wa gitaa hutikisika mara 82 tu kwa sekunde, na ule mwembamba karibu mara 330. Kwa hiyo kuupima uzi mnene huchukua muda zaidi, na mpigaji husikia sauti zake nzito zikichelewa nyuma ya kidole.